Pumzi ya Ndege wa Dhahabu

Weka mkono kifuani uape, shoga: hili halivuki kizingiti, hata mumeo usimwambie. Umeapa? Haya.

Hapo zamani, kwenye milima ya Andes, huko ng'ambo ya dunia, alikuwepo mfua dhahabu, jina lake Kusi. Dhahabu ya nchi nzima inapita mikononi mwake, mwenyewe analala njaa. Na huko mivukuto hawaijui, ati! Moto wanaupuliza kwa mdomo, kila fundi na mwanzi wake, mashavu yamevimba kama maandazi.

Basi mfalme wao, Yawar, masikioni kavaa hereni kubwa kama visahani, kila moja na ndege wa dhahabu. Siku moja akamwita Kusi.

"Ewe fundi, ndege wako hawa mwaka wa saba wamekaa tu, kama wageni wasiojua kuaga. Nataka wawili wanaopumua, waruke mbele za watu sikukuu ya mavuno. La sivyo, nakukata masikio."

Kusi akajishika masikio. "Nimesikia, bwana wangu, na ningependa niendelee kusikia."

Ikawa sikukuu, ukumbi umefurika. Kusi kaja na tanuru, makaa, kipande cha dhahabu na mwanzi mmoja. Mwanzi akampa mfalme.

"Wa nini huu?"

"Wa kupulizia, bwana wangu. Wale wa kwanza niliwapuliza mimi, na pumzi ya mwenye njaa hainyanyui kitu. Ndege wa mfalme apewe pumzi ya mfalme."

Watu wote macho kwake, atakataaje? Akapuliza. Akapuliza weee, macho yakamtoka, majivu yakamjaa usoni, dhahabu hata jasho haijatoa.

"Sasa?" akahema. "Wamekuwa hai?"

"Bado, bwana wangu. Pumzi unawapa, halafu unavuta nyingine. Toa yote, usivute tena hata moja. Mimi nitasimama mlangoni niwaonyeshe njia."

Mkwewe mfalme, bibi kizee, akasema, "Malizia, mwanangu, chakula kinapoa."

Yawar akautazama mwanzi, akamtazama Kusi, akauweka chini polepole. Mara akaangua kicheko, majivu yakamruka kwenye nyusi.

"Nenda, Kusi! Nenda na masikio yako."

"Hivi hivi matupu, bwana wangu?"

Ikabidi mfalme avue hereni zote mbili, akamvika kwa mkono wake.

Kanihadithia Bi Zuwena, msuka mikeka wa nyumba ya tatu.