Simba wa Mhelele Atakula kwa Nani?

Sogeeni, na mwenye usingizi alale sasa hivi, maana mwisho wa hadithi nitamdai jibu.

Kijiji cha Mhelele kilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Sechelela, mjane, alisoma nyayo: akiinama tu, aliweza kukuambia mnyama kapita lini na kama kashiba. Mbijili alikuwa na koo la ajabu; akilia kama ndama, hata ng'ombe walidanganyika. Na Mwaluko, shemeji yake Sechelela, alikuwa na mkono wa mkuki. Akirusha, harudii.

Simba wa bondeni walipozidi kula ng'ombe, wazee walitangaza: atakayewamaliza atavishwa ngozi ya simba dume na kuchezewa ngoma nyumba kwa nyumba, na kila nyumba itamtolea mbuzi.

Sechelela akafuata nyayo hadi pangoni, akanyoosha kidole.

Mbijili akalia kindama, simba wakatoka mmoja mmoja.

Mwaluko akawachoma wote.

Kisha ukaja ugomvi wa ngozi.

"Bila macho yangu mngewapatia wapi?" Sechelela aliuliza.

"Na bila sauti yangu wangetoka?" akadakia Mbijili.

"Basi mngewaua kwa macho na kelele," Mwaluko akacheka.

Wazee wakaikata ngozi vipande vitatu. Wote watatu walichezewa ngoma, na wakagawana mbuzi.

Haukupita muda, pundamilia wakahamia bondeni. Zamani walipita mbio. Sasa walikaa na kuzaana, maana hapakuwa na wa kuwapunguza wala wa kuwafukuza. Walimaliza nyasi, wakatafuna machipukizi, wakakanyaga kijito hadi kikawa tope. Kiangazi kilipoingia, ng'ombe waliokufa njaa walizidi wote waliowahi kuliwa na simba.

Sechelela alibaki na ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyomlea mjukuu wake aliyefiwa na mama. Kila alipokamua, moyo ulimsuta. Kidole kilichoshika chuchu ndicho kilichoonyesha pango. Kipande chake cha ngozi alikisukumia uvunguni, hakutaka hata kukiona.

Asubuhi moja, kando ya kijito, aliona nyayo mpya. Simba jike, ana mimba nzito. Sechelela aliinua mguu azifute, akaushusha pembeni. Akaenda kusema.

Kijiji kilifurahi, kikaapa kutomgusa. Lakini Bibi Yeledi, mkubwa wa wazee, hakufurahi upesi.

"Mwenye mimba hakimbizani na pundamilia," alisema. "Mpaka ajifungue atakula cha karibu. Akila kwa wengi, vijana watashika mikuki tena. Lazima ale kwa mmoja. Ninyi mliogawana ngozi, mmoja wenu ahamishie zizi lake mlangoni mwa bonde."

Mwaluko alikuwa amebakiwa na maksai wake wa kulimia. Mbijili alikuwa na mtamba mmoja, mahari ya mwanawe.

"Bila macho ya shemeji tusingewapata," Mwaluko alisema, bila kumtazama.

"Bila mkuki wako wangekuwa hai," Mbijili akajibu.

Sechelela akafungua kinywa aseme, bila sauti ya Mbijili wasingetoka. Akayasikia maneno hayo kabla hayajatoka: ni yaleyale waliyogombea ngozi. Akaona haya mpaka machozi yakamlengalenga.

"Nilionyesha mimi, sikatai," alisema. "Lakini mtoto atakunywa nini?"

Kesho yake nyayo zilikuwa zimesogea hadi kwenye ua wa kwanza.

Haya, wewe uliyekaa kimya tangu nianze. Sifa waligawana sawa. Ng'ombe hagawanyiki akiwa hai. Zizi la nani lihame? Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, kumbuka kwamba siku ile ya ngoma kila nyumba ilitoa mbuzi. Yako je, ilitoa?