Mkia wa Mama Marara

Hadithi! Semeni "njoo", ila njoo yenu iwe na kucha, maana hadithi hii haina msamaha ndani yake. Anayetaka watu wapatane mwishoni aende zake jikoni akachambue mchele.

Walikuwapo ndugu watatu wa tumbo moja, mabinti wa Mama Marara. Mkubwa ni Chui, aliyekaa majabalini. Wa kati ni Mondo mwenye miguu mirefu, aliyekaa kwenye nyasi za mtoni. Kitinda mimba ni Paka, aliyekwenda kuishi na watu na kula dagaa wa kupewa. Dada zake walimcheka kwa hilo. Lakini mama aliwagawia sawa: wote walikuwa na masharubu ya kupimia njia, nyayo zisizotoa sauti, na kucha za kuficha na kutoa. Wote waliangukia miguu. Na wote walikuwa na tabia moja mbaya, nitaifikia.

Mama alizeeka, meno yakamwisha. Nyani akamkuta anaota jua, akamuua, si kwa njaa, kwa ubaya wake tu. Kisha akamkata mkia, akaufanya mgwisho. Kila asubuhi alikaa juu ya jiwe akijipungia nzi kwa mkia wa mama wa watu, huku anacheka.

Katika ukoo wao, maiti hazikwi bila mkia wake. Na shimo la mama huchimbwa na kucha za binti mmoja tu, yule aliyelipiza damu yake, naye ndiye hurithi jina la mama. Wengine husimama kando. Basi Mama Marara akabaki pangoni, amefunikwa majani, akingoja mkia.

"Sitaki afe tu," alisema Chui. "Nataka ajue kwamba anakufa."

"Hata sisi, dada," alijibu Mondo.

Adhuhuri Nyani hulala ndani ya ufa wa jabali, wanawe wawili wakilinda mlangoni. Nyuma palikuwa na tundu jembamba lenye giza. Chui aliingiza kichwa, masharubu yakagusa jiwe huku na huku, akarudi nyuma. Paka akaingiza kichwa chake. Masharubu yakapita, na yakipita masharubu, mwili hupita. Akatambaa tumbo chini, akamkuta Nyani anakoroma kaukumbatia mgwisho, akamzamishia kucha usoni. Nyani akatoka mbio akipiga mayowe, mgwisho mkononi. Wanawe wakadhani kaumwa na nyoka, wakamkimbia baba yao.

Mondo alikuwa amejilaza kwenye nyasi za njia ile tangu alfajiri. Siafu walimng'ata, hakujikuna. Jua lilimchoma mgongo, hakuhama. Subira huvuta heri, na heri yake ilikuja inakimbia, uso unavuja damu. Mondo akaruka juu, akamshukia Nyani mgongoni, akambana chini. Angeweza kummaliza pale pale.

Hapa ndipo ilipojitokeza ile tabia mbaya. Si mmemwona paka akiwa na panya? Hamli mpaka amchezee.

"Mwachie kidogo!" Chui alipiga kelele. "Akimbie, nione anavyohangaika!"

Mondo akalegeza kucha, maana hata yeye alitaka hivyo. Paka, aliyekuwa ametoka tunduni, akacheka kwa raha. Nyani akapiga hatua tatu, ya nne ikamkuta mtini, anapanda kuelekea ng'ambo ya genge la jabali.

Chui akakwea nyuma yake. Tawi la juu lilikuwa jembamba, na chini palikuwa na mawe matupu. Alijua litakatika, akalikanyaga hivyo hivyo. Akamshika Nyani shingo, akamnong'oneza, "Marara alikuwa mama yetu." Tawi likakatika. Chui alijigeuza hewani akatua kwa miguu minne. Nyani akatua kwa kichwa. Sikumhurumia, na wewe usimhurumie.

Mgwisho ukadondoka katikati yao.

"Nitachimba mimi," alisema Chui. "Mimi ndiye niliyemuua."

"Ulimuua niliyemkamata," alisema Mondo. "Nilimwachia kwa neno lako, dada. Ungenyamaza, angefia kwenye kucha zangu."

"Na mngemkamata nani?" aliuliza Paka. "Bila mimi angekuwa anakoroma mpaka sasa."

"Masharubu hata sisi tunayo, ewe mla dagaa!" alifoka Chui.

"Na kuvizia hata mimi najua, dada. Kukwea najua, na nikianguka naangukia miguu. Tumenyonya ziwa moja. Mlichofanya ningekifanya, na nilichofanya mngekifanya, kama miili yenu ingepita."

Kucha zikaanza kutoka mafichoni, ndugu kwa ndugu, na hasira waliyokuwa nayo kwa Nyani ikakosa pa kwenda.

Nimewaacha hapo, wamezunguka mkia juani. Siafu wameshaanza kuupanda kutoka nchani. Hakuna anayenyanyua mguu kuwafukuza, kwa kuwa atakayeugusa wa kwanza atarukiwa na wenzake wawili. Na kule pangoni mama yao bado anangoja kuzikwa.

Wewe uliyefurahi Nyani alipoanguka, usijifiche nyuma ya mwenzako. Mkia apewe nani: aliyemtoa, aliyemkamata, au aliyemuua? Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi, siafu hawangoji.