Zamu ya Alhamisi

Wapendwa, habari hii si rahisi kwangu kuisimulia. Mtanisamehe nikisimama kidogo katikati.

Kulikuwa na fundi seremala mmoja, jina lake Kighenda, aliyekaa katika kijiji cha milimani, chini ya shamba kubwa la chai. Kijiji kile kilikuwa na chemchemi moja tu. Njia ya kwendea ilipita katikati ya chai, na watu waliitumia tangu enzi za babu zao. Akaja meneja mpya. Akazungusha senyenge, akaweka geti na walinzi, akabandika tangazo kwamba atakayeingia atashtakiwa. Basi akina mama wakaanza kuchota kwenye mfereji unaoteremka kutoka shambani, maji yenye dawa ya kuulia wadudu. Watoto wakaanza kuharisha. Ndani ya mwezi mmoja walizikwa wawili.

Wanakijiji wakaandika barua wilayani. Kimya. Wakaenda wote getini wakiimba. Polisi wakaitwa, wakasema hii ni ghasia, wakapiga mabomu ya machozi. Vijana wakarusha mawe. Kesho yake redio ikatangaza mawe. Maji hayakutajwa hata mara moja.

Hapo ndipo mkunga wa kijiji, Bibi Nakijwa, alipowakusanya watu mbele ya zahanati. Akawaambia, "Tukienda mia tunaitwa ghasia. Mtu mmoja na ndoo yake watamwitaje? Kila siku aende mmoja, mchana kweupe. Apite getini, achote maji. Wakimkamata asikimbie, asitukane, asiinue mkono. Wakimuuliza anatoka wapi, aseme kweli. Na kesho yake aende mwingine."

Mtu mmoja akauliza, "Na anayeogopa je, bibi?"

"Anayeogopa aje aniambie siku moja kabla. Hatachekwa. Nitamtafuta aliye tayari. Ila asininyamazie."

Wakaandika zamu kwenye karatasi, nyumba kwa nyumba. Nyumba ya Kighenda ikaangukia Alhamisi ya wiki ya tatu.

Nawauliza, mmewahi kungoja zamu ya namna hiyo? Si ya kugawiwa kitu. Ya kupigwa.

Mwalimu mstaafu alitangulia. Akakaa mahabusu siku nne, akarudi anachechemea. Akafuata mama muuza maandazi. Akafuata kijana wa kwaya, yeye akarudi jicho limefungana, na alipoulizwa walimfanya nini akasema tu, "Sikuinua mkono." Watu wakampigia vigelegele. Kighenda naye akapiga makofi, kisha akarudi upesi kwenye kazi yake.

Alikuwa na kitanda cha kumalizia. Akapima mguu wa kwanza, akakata, ukawa mfupi. Akapima wa pili mara tatu, ukawa mfupi zaidi. Chakula kikamshinda. Kila gari likipanda mlima anaacha randa na kusikiliza kama ni la polisi. Mara mbili aliondoka kwenda kwa Bibi Nakijwa. Mara ya kwanza alimkuta na wageni, akajidai amepita kusalimia. Mara ya pili, Jumatano ile, alimkuta peke yake anaanika mboga. Bibi akamtazama.

"Kighenda, una neno?"

"Hapana, bibi. Nilikuja kuona kama kile kiti bado kinalegea."

"Kiti kizima. Wewe je?"

"Mimi mzima kabisa."

Akageuka akaenda zake. Mnaona? Mlango ulikuwa wazi, hata swali ameulizwa, naye akaongea habari za kiti.

Alhamisi asubuhi hakuamka. Mkewe akaja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba Eliza, kumekucha."

"Mwili wote unauma, Mama Eliza. Nadhani ni malaria."

Mama Eliza akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mumewe. Halikuwa na joto lolote. Kisha akasema, "Basi pumzika," akajifunga kanga, akachukua ndoo, akatoka.

Kighenda akajiambia ameenda mtoni, kule mbali, nyuma ya mlima. Alijiambia hivyo mara nyingi sana. Jua likapanda. Saa nne jirani akapiga hodi dirishani.

"Pole sana, fundi."

"Pole ya nini?"

"Mkeo wamemchukua. Walimtupa kwenye gari kama gunia, akaangukia mkono. Sote tumesikia ulivyovunjika. Hakuinua ule mwingine."

Kighenda alikimbia mpaka kituo cha polisi bila viatu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alipofika kaunta, askari wa zamu alikuwa anaandika.

"Afande, mmemkamata mke wangu. Mwachieni, mniweke mimi. Zamu ilikuwa yangu."

"Mwanamke yule kasema ametoka nyumba ya Kighenda, na leo ni zamu ya nyumba ya Kighenda."

"Kighenda ndiye mimi!"

Askari akaweka kalamu chini. "Ulipita getini leo?"

"Hapana."

"Jana?"

"Hapana, afande."

"Umewahi kupita tangu geti liwekwe?"

"Sijawahi."

"Sasa nikufunge kwa kosa gani, mzee? Wewe ni raia mwema. Huna hatia. Nenda nyumbani."

Wapendwa, tangu azaliwe Kighenda hakuwahi kuambiwa neno lililomuumiza kama hilo. Angetukanwa angevumilia. Angepigwa kofi, pengine angeshukuru. Lakini aliambiwa hana hatia, na nyuma ya ukuta ule anamsikia mkewe akiguna kwa maumivu.

Hakwenda nyumbani. Alipitia kwa jirani akaazima ndoo, maana yao ilikuwa imebaki getini. Alasiri ileile akapanda njia ya chai. Walinzi walimwona kwa mbali, wakacheka, kwa sababu alikuwa anatetemeka mpaka ndoo inagonga goti. Hofu haikumwacha. Nataka mlisikie hilo. Hakupata ujasiri wowote njiani. Alijikojolea pale getini, mbele ya watu, kisha akapita. Akachota maji. Akakamatwa.

Zamu ziliendelea. Mahabusu ikajaa. Hakimu kila asubuhi akaletewa mtu mwenye kosa lilelile: amechota maji. Wiki ya saba akakataa kuendelea kusikiliza mpaka ramani ya shamba iletwe mbele yake. Ilipoletwa, njia ya chemchemi ilikuwa imechorwa humo wazi kabisa, njia ya umma. Senyenge ikakatwa. Tangu walipoanza kwenda mmoja mmoja, halikurushwa jiwe hata moja.

Lakini mkono wa Mama Eliza uliunga vibaya. Hadi leo hauwezi kufika kichwani. Njia imefunguliwa, maji yapo, na ndoo anabebewa na mumewe. Siku moja Kighenda alimwomba msamaha. Akamjibu, "Kuogopa kwako nilikujua tangu siku ya karatasi. Mimi pia nilikuwa naogopa. Ungeniambia tungekwenda wawili."

Sasa, wapendwa, tusimseme Kighenda. Tujiseme sisi. Ni mara ngapi tumejisifu kwamba hatujawahi kufika mahakamani, hatujawahi kugombana na mkubwa yeyote, majina yetu ni safi? Safi kwa sababu gani? Kwa sababu tulitenda haki, au kwa sababu siku ya haki tulijifunika blanketi? Dhuluma haidumu kwa nguvu ya meneja mmoja na geti lake. Inadumu kwa sisi wazima tunaojidai wagonjwa. Na mzigo tunaoukwepa hauendi hewani. Unamwangukia mtu. Mara nyingi ni mtu wa nyumbani mwetu.

Sikuwaambia msiogope. Anayewaambia hivyo hajawahi kufika getini. Mimi mchungaji wenu naogopa. Nimewahi kumeza maneno hapa hapa madhabahuni kwa sababu ya nani alikuwa amekaa kiti cha mbele. Hofu si dhambi. Dhambi ni kuificha mpaka mwenzako avunjike mkono kwa ajili yako. Hofu ikisemwa tunaweza kuibeba wawili, wala haitulazimishi kushika jiwe.

Kwa hiyo hatusimami kuomba bado. Geuka, mtazame uliyekaa naye, umwambie unaogopa nini. Taja kwa jina. Tutangoja hata kama ni kutwa nzima.