Kitanda cha Jiwe na Mlango wa Karatasi

Kwaruu. Kimya. Kwaruu tena.

Gesare alishtuka usingizini, usiku umeshakwenda mbali, akapapasa pale bintiye Mokeira anapolala, hayupo! Akakurupuka na shuka mwilini. Kumbe mtoto yuko mezani, taa inawaka, anasukuma kitanda kidogo cha jiwe juu ya ramani ya hospitali iliyochorwa kwenye karatasi. Kitanda kimefika kwenye mlango uliochorwa, kinakwaruza, hakipiti.

"Mama, kitanda ni kipana kuliko mlango. Nitakwama mle ndani. Siendi."

Gesare akavuta kiti, akaketi kando yake. Mguu wa Mokeira ulikuwa umepinda tangu kuzaliwa, na daktari mgeni wa kunyoosha miguu alikuwa anaondoka Ijumaa, na mara ya kwanza mtoto aling'ang'ania lango la hospitali akipiga mayowe mpaka wakarudi nyumbani. Mchezo huu ulitengenezwa ili umtoe woga. Sasa ndio unaomtia!

Nyinyi mnaosikiliza, wajueni kwanza watu watatu.

Nyandika, kaka yake Gesare, husukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, na miguu yake haisahau njia. Mwambie afumbe macho, atakuchorea kila kona, hata pale sakafu ilipobonyea. Ndiye aliyechora ramani, kutoka langoni hadi chumba cha upasuaji na kurudi, akaigawa miraba ya kutembezea vinyago kwa kurusha dadu.

Bosibori, wifi yake Gesare, ni mchongaji wa mawe laini yanayochimbwa kule Tabaka. Vidole vyake humtoa mtu ndani ya jiwe kama unavyomenya ndizi. Alichonga daktari, nesi, kitanda, na Mokeira mwenyewe, na misuko yake na mguu wake uliopinda, mdogo kama kidole gumba.

Naye Kerubo, jirani mwenye duka la kuchapa kadi za harusi na mabango ya matanga, ana jicho lisilokubali "karibu sawa". Ila yeye alikuwa hajaitwa bado. Nyandika alikuwa ameichapisha ramani mjini haraka haraka, na mashine ikaubana mchoro wote uenee kwenye karatasi moja. Milango ikasinyaa. Mawe hayasinyai.

Kulipokucha Gesare alibeba kila kitu mpaka kwa Kerubo, mtoto mgongoni, maneno yakimtoka kabla hajafika mlangoni. Bosibori akaja nyuma yake na tupa yake ya kusugulia mawe mkononi.

"Nipe hicho kitanda nikipunguze."

"Shangazi," Mokeira akauliza, "na mimi utanipunguza?"

Bosibori akairudisha tupa mfukoni.

Kerubo akapima kitanda kwa rula, akapima kitako cha yule msichana wa jiwe, akaketi kwenye kompyuta. "Mashine hizi zina kiherehere," akasema. "Usipozikataza, zinakupunguzia vipimo na hazikwambii." Akachapa mraba mmoja tu kwanza. Msichana wa jiwe akatua ndani yake kama mfuniko kwenye sufuria yake. Ndipo akachapa ramani yote, kipande kwa kipande, akaviunganisha kwa gundi mpaka meza nzima ikafunikwa.

Mokeira akasukuma kitanda. Kikapita, na nafasi ikabaki pande zote. Akakirudisha. Akakipitisha tena, akacheka.

Alhamisi, Nyandika ndiye aliyesukuma kitanda cha kweli, na aliyelala juu yake ndiye aliyetoa amri.

"Mjomba, pole pole, hapa sakafu imebonyea. Sasa kata kushoto!"

Manesi wakatazamana. Gesare alikuwa akikimbia nyuma yao, analia, anacheka, akamshika mkono mama mmoja asiyemjua, mwenye chupa ya chai: "Huyo ni wangu! Unamwona? Ni wangu huyo!"

Mguu ulitoka umenyooka ndani ya plasta. Mokeira alipozinduka akafungua kiganja. "Mama, huyu wa jiwe nataka kumpa aliyenipitisha mlangoni. Nichagulie. Mmoja tu."

Na hao watatu, nje ya dirisha, walikuwa wamesikia.

"Angepitia wapi bila njia yangu?" akasema Nyandika.

"Njia ya kupitisha nini, hewa?" Bosibori akamcheka. "Bila mawe yangu mngesukuma vifuniko vya soda."

Kerubo akakunja mikono. "Njia mlikuwa nayo, mawe mlikuwa nayo, na mtoto akasema haendi. Au nimesahau?"

Gesare akamtazama huyu, akamtazama yule. Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja alikuwa amemrudishia mtoto wake.

"Mama," Mokeira akasema, "amua basi."

Jiwe ni moja, mikono iliyonyooshwa ni mitatu. Wewe unayesikiliza, ungekuwa Gesare, ungelitia katika mkono wa nani? Usitaje kwa sauti, dirisha liko wazi. Mnong'oneze Gesare sikioni. Ameahidi hatamwambia mtu mwingine ni nani aliyempa jibu.