Askari wa Chuma Aliyefundishwa Kusindikiza

Ngano, ngano!

— Ngano na ije, tumekaa!

Ije mikono mitupu?

— Ije na utamu wake!

Leo ina chuma ndani. Mna meno?

— Meno tunayo!

Haya, basi tafuneni polepole. Na wewe uliyejificha nyuma ya mama yako, sogea. Hakuna anayeliwa humu. Nadhani.

Hapo zamani za kesho kutwa, miaka ambayo bado haijafika lakini iko njiani, palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na bwawa moja tu. Mwaka huo mvua zilikataa katakata. Visima vikakauka, mito ikakauka, mate nayo yakakauka. Likabaki bwawa. Wanyama wote wakawa wanakunywa hapo kwa zamu, wakubwa kwa wadogo, wakitukanana kidogo tu.

Mmoja wao alikuwa Bi Sange. Sange mnamjua? Kile kinyama kidogo kama panya, chenye pua ndefu isiyotulia, fiku-fiku-fiku, huku na huku, kama inayotafuta kitu ilichokiangusha. Bi Sange alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Chausiku, na Chausiku alikuwa na homa. Homa inataka maji. Mama mwenye mtoto mwenye homa hana habari nyingine duniani.

Basi siku moja mchana mbingu ikanguruma: gududuuu! Wanyama wakatoka mbio na vyungu vyao na vibuyu vyao, wakavipanga nje, wakacheka, wakakumbatiana hata wale waliokuwa hawasemezani. "Mvua hiyo! Mvua!" Bi Sange akambeba Chausiku, akamtoa nje apate tone la kwanza usoni.

Haikuwa mvua. Kilianguka kitu kinachowaka, puu! kando ya bwawa, vumbi likatanda. Vumbi lilipotulia, askari alikuwa amesimama. Mrefu kuliko twiga, mwili mzima chuma, jicho moja jekundu kwenye paji la uso, na begani bunduki ya mwanga. Alitoka kwenye vita vya huko juu, nyota kwa nyota, ambako askari hawazaliwi, wanaundwa, na hawapewi majina, wanapewa namba. Alikuwa amepigwa akaanguka, na wenzake wakaenda zao bila kutazama nyuma.

Wanyama wote walikwishatimua mbio, isipokuwa Kiboko, maana Kiboko alikuwa ametota raha majini na kukimbia ni kazi. Jicho jekundu likafunguka, likamwona yeye wa kwanza.

"Naomba amri," akasema askari.

Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia. "Unaniomba mimi?"

"Naomba amri."

Sasa Kiboko tangu utoto alitaka bwawa liwe lake peke yake, ila aibu ilikuwa inamzuia. Siku hiyo akaitoa aibu akaiweka kando. "Asiguse maji haya mnyama yeyote ila mimi!"

"Amri imepokelewa."

Askari akachora mstari kwa mwanga kulizunguka bwawa, zzzwiii, majani yakaungua. Kisha akasimama wima, kong'o! miguu pamoja.

Akaja Nyati na pembe zake. "Simama! Nani?" "Mimi Nyati, unifanye nini?" Zzzwiii! Ncha ya pembe ikaenda. Nyati akarudi nyumbani ameinamisha kichwa upande mmoja.

Akaja Ngiri na meno yake. "Simama! Nani?" "Mimi Ngiri, unifanye nini?" Zzzwiii! Mkia ukashika moto. Ndiyo maana mpaka leo Ngiri akikimbia anausimamisha mkia juu. Anaupepea upoe.

Akaja Bi Sange na kibuyu chake. Akafika kwenye mstari, akakaa kitako.

"Simama! Nani?"

"Nimeshasimama, mwanangu. Urefu wangu ndio huu." Pua ikacheza, fiku-fiku-fiku. "Hodi."

Kifuani mwa askari kukalia krrr, krrr, krrr. "Hodi ni silaha gani?"

"Si silaha. Hodi huitikiwa. Mtu akikupigia hodi, unasema karibu."

"Neno hilo halimo ndani yangu."

"Basi litie."

"Ka-ri-bu," akasema askari, kwa sauti ya sufuria iliyoanguka.

"Ahsante, baba. Nimekaribia." Wala hakuvuka mstari, wala hakuomba maji. Akaondoka na kibuyu chake kitupu. Alfajiri alilamba umande kwenye majani, akaubeba mdomoni, akautia katika kinywa cha Chausiku. Hivyo ndivyo walivyoishi siku zile, kwa umande, na umande unazidi kupungua.

Siku ya pili akarudi. "Hodi!"

"Karibu." Halafu askari akasema jambo ambalo hakuna aliyemwamuru kulisema. "Nifundishe lingine."

Bi Sange akamtazama. Alikuja na hila yake imeiva kichwani, jamani, tusimsingizie utakatifu. Lakini lile "nifundishe" lilimgusa. "Unaitwa nani?"

"Namba Tisa."

"Hiyo si jina, hiyo ni hesabu. Sisi mtoto tunamwita kwa jambo lililokuwapo alipokuja duniani. Wangu nilimzaa usiku, basi ni Chausiku. Wewe ulipokuja tulidhani ni mvua. Tulitoa vyungu nje, tukacheka. Basi wewe ni Masika."

Krrr, krrr, krrr. "Masika," akasema askari. Akarudia. "Masika." Bi Sange alipokuwa anakwenda zake alimsikia nyuma akijiita mwenyewe, Masika, Masika, mpaka njia ikapinda.

Siku ya tatu Chausiku hakuweza kuinua kichwa. Bi Sange akaja mbio, vumbi mpaka masikioni.

"Hodi!"

"Karibu, mama. Nifundishe lingine."

"Nijibu kwanza. Hapa anayelala ni nani na anayeamka ni nani?"

"Mimi."

"Basi mwenyeji wa hapa ni wewe. Na Kiboko anaingia na kutoka jioni kwenda kula majani. Huyo nani?"

Krrr, krrr. "Mgeni."

"Enhe! Na mgeni akiondoka, mwenyeji hakai. Anainuka, anamsindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Hapo ndipo penye adabu yenyewe. Mwenyeji hamwachi mgeni njiani. Anamuuliza, nimekufikisha? Mgeni akisema umenifikisha, rudi, unarudi. Akisema bado, mnaendelea."

Askari akaweka mkono kifuani, kong'. "Moto wangu ni wa kusimama, mama. Kutembea kunaumaliza. Ukizimika, huku hakuna wa kuuwasha."

Ile pua isiyotulia ikatulia. Bi Sange alimpenda, ndio ukweli wenyewe. Lakini akilini alimwona Chausiku kule nyumbani kwenye mkeka, midomo imepasuka. Akasema polepole, "Hata hivyo, mwanangu, ndiyo adabu." Akaenda zake kwa uchungu, na uchungu ule hakumwambia mtu.

Jioni Kiboko akatoka majini, chubwi! akaanza safari ya majani. Nyuma yake akasikia kong'o, kong'o, kong'o. Akageuka. "Unakwenda wapi wewe?"

"Nakusindikiza."

Kiboko akavimba. Askari wa nyota nyuma yake, kama mfalme! Akapita mbele ya nyumba ya Nyati ili Nyati aone. Akapita mbele ya nyumba ya Ngiri ili Ngiri aone.

"Nimekufikisha?" akauliza Masika.

"Kunifikisha? Bado! Wa kilimani hawajaniona."

Wakapanda kilima. Kong'o, kong'o, kong'o.

"Nimekufikisha?"

"Bado! Wa bonde la pili hawajaniona."

Wakashuka bonde la pili. Usiku ukaisha, jua likatoka, na Kiboko na jua si marafiki. Ngozi ikaanza kumkaza, ikamwasha, ikapasuka. Kurudi mbali, na njiani hakuna hata dimbwi. Mbele, chini kabisa, likaonekana jito la matope limejaa viboko wenzake. Kiboko akalikimbilia akilia, akajitupa humo, chubwi!

"We! Hodi hupigi?" wakafoka viboko wenyeji, wakamsukuma kona yenye tope zito.

"Nimekufikisha?" akauliza Masika ukingoni.

"Umenifikisha!" akalia Kiboko, tope mpaka puani. "Umenifikisha, rudi, sitoki tena humu!"

Masika akageuka. Kong'o... kong'o... Hatua zilikuwa zimekuwa nzito.

Huko bondeni wanyama walikuwa wanakunywa tangu jioni. Nyati alikunywa, Ngiri alikunywa na kutumbukiza mkia. Bi Sange alimleta Chausiku mgongoni, akamtia maji kinywani tone kwa tone, akamlowesha kichwa. Homa ikashuka. Chausiku akafungua macho, akaingia majini mwenyewe mpaka magotini, akacheka. Mlio wa kicheko kile ulikuwa haujasikika tangu mvua zikatae.

Kong'o.

Wanyama wakageuka. Kong'o. Wakatawanyika, kila mmoja na njia yake, na katikati ya maji akabaki Chausiku.

"Simama! Nani?" Bunduki ikapanda begani. Zzzwi...

Bi Sange akaruka akasimama mbele ya mwanawe. Alitafuta hila kichwani, akatafuta tena. Zilikwisha.

"Hodi, Masika."

Krrr, krrr, krrr. Krrr. "Mama, amri inasema piga. Adabu inasema karibu. Nifuate ipi?"

Angeweza kumdanganya. Alikuwa fundi wa hayo. Lakini alimtazama lile jicho lililokwisha kufifia, akashindwa. "Sijui, mwanangu. Mimi nilikufundisha ili nikuondoe hapa ninywe maji, na nilijua kutembea kutakumaliza. Hilo ndilo nililolifanya. Ila amri ulipewa tu. Adabu uliiomba mwenyewe."

Kisha bunduki ikashuka, taratibu, mpaka mdomo wake ukagusa vumbi.

"Karibu," akasema. "Karibuni nyote. Maji yapo."

Bi Sange akakaa chini palepale akalia. Chausiku, ambaye hakuelewa lolote, akamchotea askari maji kwa kiganja, akamwagia mguuni. Nyati akarudi, Ngiri akarudi, wakanywa, na safari hii hakuna aliyetukana mtu.

Jua lilipoinama, Bi Sange akajaza kibuyu, akambeba mtoto. "Haya, mwenyeji wetu, sisi tunakwenda."

"Ngojeni," akasema Masika. "Nawasindikiza."

"Hapana, baba. Baki. Moto wako..."

"Ndiyo adabu, mama."

Wakaenda. Kong'o. Wanapumzika. Kong'o. Wanapumzika. Chausiku alipanda akakaa juu ya mguu wa chuma, akawa anapelekwa. Walipofika mlangoni kwa Bi Sange, jicho lilikuwa limebaki cheche moja ndogo.

"Nimekufikisha, mama?"

Bi Sange alikuwa ndani ya kizingiti chake mwenyewe. Kibuyu kilikuwa mezani. Alijua akisema umenifikisha, rudi, Masika ataondoka kwa adabu, na moto utamzimikia njiani, peke yake, kama alivyoachwa mara ya kwanza.

"Bado, mwanangu," akasema. "Bado hatujafika."

"Basi nipo," akasema Masika.

Cheche ikazimika kidogo kidogo. Mvua ilipokuja, maana hatimaye ilikuja, ilimkuta amesimama hapo mlangoni, na miaka ya baadaye wajukuu wa Bi Sange walizaliwa kwenye kivuli chake. Anayepita hapo hupiga hodi, na mtu wa ndani humwitikia karibu kwa niaba yake. Na kila jioni kabla ya kufunga mlango, Bi Sange, mzee, pua imechoka kucheza, alikuwa anatoka nje, anaupapasa ule mguu wa chuma na kusema, "Bado, mwanangu. Bado hatujafika."

Haya. Funzo la ngano hii mlishike vizuri: askari usimfundishe adabu, ataacha kazi. Ukipata bwawa, usitoke. Na mtu akikupigia hodi, nyamaza kimya, huenda ni Bi Sange. Umesikia, wewe uliyekuwa nyuma ya mama yako? Futa machozi, ni ngano tu.

Ngano yangu imefika mlangoni. Nimewafikisha?

— Bado! Bado!

Kalaleni, watoto wa watu.