Shahidi wa Tatu wa Bendi ya Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitikia kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kelele!

Kelele za nani?

Za wadogo!

Na waliokosa usingizi?

Wakubwa!

Haya, sasa mmeamka. Nyie huko nyuma, acheni kutafuna, nataka masikio.

Hapo kale, lakini si kale sana maana magitaa yalikuwapo, aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kanyama ka majabalini, kadogo kama sungura, mkia hana, ila koo analo. Tena hatulii. Akikaa, mguu unapiga, ta-ta-ta. Akila, mguu unapiga, ta-ta-ta. Mama yake mwenyewe alishachoka kumwambia tulia.

Siku moja adhuhuri Pimbi akamwona mwewe angani, akapiga yowe: "Iiiii-yaaa! Mwewe huyo!" Rafiki yake Kindi alikuwa juu ya gogo lenye uwazi. Kwa hofu miguu yote minne ikamtetemeka: du-du-du-du-du! Mwewe akaenda zake. Wao je, walinyamaza? Thubutu! Walitazamana, wakaanza upya: iiiii-yaaa, du-du-du! Pimbi akatafuta kibuyu, akakitia nyuzi za mkonge, njwaaang! Hiyo ndiyo asili ya bendi ya roki iitwayo Hatutulii. Akija mtu na asili nyingine, mwambieni nimekataa.

Wakatoa nyimbo tatu. Masika wakatoa "Mwewe Huyo." Kipupwe wakatoa "Baridi Haina Adabu." Vuli wakatoa "Sikai, Sisimami," na huo ulitikisa miti mpaka mzinga wa nyuki ukaanguka, pu! Pimbi aliona haya, akawapa nyuki ufa mzuri kwenye jabali lake, wakahamia humo wakawa majirani.

Sasa, nchi ile ilikuwa na kitabu. Mwandishi wake alikuwa Nungunungu, aliyeandika kwa miiba yake mwenyewe, kwa hiyo hakupenda maneno mengi. Bendi ikiandikwa kitabuni, nyimbo ni zake daima. Isipoandikwa, yeyote mwenye mabavu huzichukua akasema zangu.

Pimbi akaenda barazani kwa Nungunungu, mguu ta-ta-ta. "Bwana Mwandishi, tuandike."

"Asili?" Akaeleza. "Nyimbo?" Akazitaja. "Mashahidi watatu?"

"Yupo mama yangu, anasema hakuna bendi kama sisi."

"Mama hakubaliki. Ndugu hakubaliki. Anayekaa kwako au kula kwako hakubaliki. Nataka watu baki watatu, waliowasikia na wasiopata faida kwenu. Kesho jua likifika utosini nafunga kitabu."

Weee! Pimbi akakimbia. Akampata Bundi, ambaye hulala mchana. Bundi akasema, "Ninawajua! Wamenikurupusha mpaka nimeota makunyanzi!" Nungunungu akaandika: shahidi wa kwanza. Akampata Kobe. Kobe akasema, "Ninawajua! Nilirudisha kichwa ndani siku tatu!" Nungunungu akaandika: shahidi wa pili. Lalamiko lilimpendeza kuliko sifa, maana mlalamikaji hana anachotafuta.

Wa tatu ndiye aliyekosekana. Akabaki jirani mmoja tu, Kiboko wa bwawani chini ya jabali. Pimbi akashuka kwake.

"Mzee Kiboko, shikamoo."

"Mm."

"Tunaomba utushuhudie kesho."

Kiboko akatoa pua majini, pfuuuu! "Nitakuja, we kinyangarika. Nitakuja niandikwe mimi. Sauti ya bendi imepita juu ya bwawa la nani? Langu! Basi bendi yangu. Kuanzia kesho, kila wimbo mtakaoimba, mtaniletea mzigo wa majani mabichi. Na ukibisha nitakukalia."

Pimbi alirudi jabalini analia, nawaambia kweli, analia machozi. Wimbo wake alioutoa kooni mwake, aombe ruhusa kwa pua ile! Kindi akasema, "Tuache tu, ndugu yangu." Pimbi alizunguka jabali mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha akapiga hodi kwenye ufa wa nyuki.

"Sisi tunakaa kwako," wakasema nyuki, "ushahidi wetu hauhesabiki."

"Sitaki ushahidi. Nataka mje kesho muulize swali moja."

Asubuhi Kiboko akafika barazani, gubu, gubu, gubu. "Andika! Mwanzilishi, Kiboko. Mwenye nyimbo, Kiboko. Mwenye kelele, Kiboko!"

"Unakubali?" Nungunungu akamuuliza Pimbi.

"Mimi ni nani nimbishie mzee?" Pimbi akainama. "Mwandike. Ila uliza kwanza kama kuna mwenye neno."

Nungunungu akang'oa mwiba, akaunyanyua. "Kuna mwenye neno?"

Vuuuuuuuuu! Nyuki hao! Wakatanda juu ya Kiboko, na bwawa liko mbali. "Tuna swali," wakasema. "Mwenye bendi iliyoangusha mzinga wetu ni nani?"

Kiboko akatazama nyuki. Nyuki wakatazama pua yake.

"Si mimi!" akanguruma. "Mimi na hawa? Wala si ndugu zangu! Sijala hata jani lao! Ni huyo Pimbi na Kindi wake! Masika nimelala zangu, wakaja na 'Mwewe Huyo'! Kipupwe nimelala zangu, wakaja na 'Baridi Haina Adabu'! Vuli ndipo waliponiua kabisa na 'Sikai, Sisimami,' mpaka leo nausikia kichwani, hautoki! Nawachukia! Muulizeni yeyote, hakuna pembe ya nchi hii wasikojulikana!"

Nungunungu akachovya mwiba.

"Si ndugu," akasema huku akiandika. "Hali chakula kwao. Nyimbo zote tatu anazijua, na msimu wa kila wimbo. Tena anawachukia. Tangu nianze kazi hii sijapata shahidi safi namna hii." Akapiga mstari, chwaa! "Shahidi wa tatu: Kiboko. Bendi ya Hatutulii, ya Pimbi na Kindi, imeandikwa."

Kiboko akafumbua mdomo, nyuki wakasogea, akaufumba. Akaondoka kwa heshima zote, kisha alipofika kwenye kona akatimua mbio. Pimbi naye akapiga yowe mpaka Bundi akaamka, akaja kulalamika upya.

Funzo la hadithi hii, wanangu: mtoto mwema hutulia, hanyanyui sauti, wala hasumbui majirani wakilala. Asipofanya hivyo, atajulikana nchi nzima.

Ulimi wangu umefika ukingoni. Ikiwa imekolea, nendeni nayo mkaile na wenzenu. Ikiwa haina chumvi, kalalamikeni kwa Nungunungu, atashukuru.