Mchanga Mweupe wa Bi Kheiria

Mwaka 1966 ulimkuta Bi Kheiria yuko Maskati, Omani, mwaka wa pili tangu ahame Unguja. Alikuwa mjane, na mali yake ilikuwa binti mmoja, Aliya, na vifaranga arubaini wa nyama ambao shemeji yake alimletea kwa ndege kutoka Bahrain. Wakwe wa Aliya walipotaka kugharimia karamu yote ya harusi, Bi Kheiria aliinamisha kichwa, akasema kwa upole, "Mchele leteni nyinyi. Kuku nitatoa mimi." Hakuwa na kingine cha kumpa mwanawe.

Banda lilikuwa uani kwake, mtaa wa Hamriya. Jirani yake Bakhita, mke wa seremala, alimletea maranda makavu ya mbao, akamfundisha kuyatandaza unene wa vidole vinne, kuyapindua kila asubuhi na kuondoa palipolowa. Vifaranga wakanawiri, wakawa wanatembea kwa kujivuta kama watu walioshiba.

Wiki ya tano, wakwe wakaleta habari kuwa watakuja Ijumaa kuangalia uwanja wa karamu, ndio ule ule ua wenye banda. Bi Kheiria aliyatazama maranda, akaona yamekuwa meusi kama masizi. Kwao Unguja, shughuli haikukamilika mpaka uwanja umwagwe mchanga mweupe wa pwani. Alhamisi akakodi punda, akaleta mchanga wa ufukweni, maranda yote akayatupa, na mchanga akautandaza bandani.

Bakhita alipochungulia, aliangua kicheko. "He! Bi Kheiria, unamtandikia jogoo au bwana harusi?"

"Nna wageni, mwenzangu. Nisiwaonyeshe jaa."

"Kuku hajui nyeupe wala nyeusi. Anajua pakavu na palipolowa. Rudisha maranda."

"Wewe umezoea takataka za mumeo," alijibu Bi Kheiria, naye akacheka.

Ijumaa wakwe walisifu sana. "Mashaallah, banda kama sebule!" Bi Kheiria akajiona amevishwa taji.

Lakini mchanga ule ulikuwa na chumvi. Mchana ulichemka kama kikaango. Alfajiri ulikuwa umenyonya unyevu wa bahari. Kuku waliudonoa, wakashikwa na kiu, wakanywa maji kupita kiasi, wakaharisha. Jumapili wote walikuwa wamejikunyata, nyayo zimewavimba. Jumatatu walikufa sita.

"Mama, twende kwa Bi Bakhita," alisihi Aliya.

"Kwa uso gani, mwanangu? Nilimcheka mlangoni pangu."

Haya ilimfunga miguu siku mbili nzima, na kila siku alizika wengine. Jumatano Aliya akamshika mkono, wakaenda pamoja. Bakhita aliingia karakana ya mumewe, akatoka na gunia la maranda kichwani, akatangulia njia. Waliondoa mchanga wote, wakatandika upya. Kuku kumi na tisa wakapona.

Siku ya harusi, Bi Kheiria aliwakata kuku vipande vidogo vidogo ili watoshe. Wageni wa kiume waliandaliwa kwanza, kisha wakwe, kisha majirani. Sinia lilipofika chumbani kwa bibi harusi lilikuwa na wali mtupu. Aliya alikula, akambusu mama yake mkono, akaenda kwa mumewe bila kuonja kuku aliofugiwa yeye.

Bi Kheiria aliacha kilichomfaa kwa ajili ya sifa ya siku moja. Wahenga hawakukosea: usiache mbachao kwa msala upitao.